Dereva Aliyepika Akiwa Amelala

Jikoni kwake kila kitu kilikuwa chini. Majiko mawili ya mkaa, ndoo ya maji, kopo la chumvi, ubao wa kukatia vitunguu, sufuria zilizofunikwa kwa vifuniko visivyo vyake, vyote vilikaa sakafuni, vimepangwa nusu duara. Rafu za ukutani zilikuwa tupu. Katikati ya nusu duara hiyo palitandikwa kigodoro chembamba, kile kinachokaa nyuma ya kiti cha dereva wa lori, na juu ya kigodoro alilala Dereva mwenyewe, chali, macho darini, akisikiliza maharage.

Tulimwita Dereva ingawa alikuwa ameacha usukani miaka mingi kabla mimi sijahamia Ihanda, huku Mbozi, na kuwa jirani yake. Jina lake nalijua. Hakulipenda, na sioni kwa nini nilipende mimi.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia Jumapili ya kwanza alipoketi, au tuseme alipolala, kunikaribisha.

"Marahaba, Msomi. Nyamaza kwanza."

Nikanyamaza. Sufuria ikachemka. Yeye akafumba macho.

"Yanasema bado," alisema.

"Nani?"

"Maharage. Yakikaribia kuiva hupunguza kelele. Yanaanza kunong'ona kama watu wanaokusema."

Ningependa kuandika hapa kwamba sikio lake halikukosea kamwe. Lilikosea sana. Tumekula maharage magumu mezani kwake, tukitafuna polepole, huku tukihakikishiwa kwamba yalisema yenyewe kuwa yameiva. Lakini kuinuka ili kuyaonja kulikuwa na gharama, na yeye gharama ya kila tendo la mwili wake aliijua. Kati ya kuinuka na kuamini, aliamini.

Mgongo wake uliharibika kidogo kidogo. Alikuwa ameendesha malori kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, miaka na miaka, mengine yakiwa na viti vilivyofungwa kwa waya. Daktari alimwonyesha picha ya mifupa na kumweleza kwa upole kwamba pingili za chini zimesagana, kwamba dawa zitapunguza makali tu, na kwamba azoee. Alirudi akatutangazia matokeo kwa ufupi: "Spea hakuna."

Maumivu yenyewe aliyaita Utingo, kwa jina la yule kijana msaidizi wa lori. Alisema yanafanana naye kabisa: yanapanda gari kabla yako, hayashiki usukani, yanakula, na hayashuki mpaka mwisho wa safari. Asubuhi ukimuuliza ameamkaje, hakusema vizuri wala vibaya. Alisema, "Utingo kaamka kabla yangu," au siku njema, "Utingo bado kasinzia, usimpigie kelele."

Mimi, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na nina simu yenye intaneti, nilimletea mazoezi ya mgongo. Nilimwonyesha picha ya mwanamke mwembamba aliyejikunja kama paka juu ya mkeka wa rangi ya zambarau. Aliitazama kwa heshima zote.

"Huyu anaumwa wapi?"

"Haumwi, Mzee. Anaonyesha."

"Ndiyo maana anacheka."

Hayo yakawa mazoezi yetu ya kwanza na ya mwisho.

Kupika alijifunza barabarani. Foleni ya mpakani Tunduma ilipogoma, madereva waliteremka na kuwasha majiko chini ya matela, na Jumapili Watanzania na Wazambia walichanga sufuria. Huko ndiko alikojifunza majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, ambayo Wabemba huyaita ifisashi, na huko ndiko alikochukua "mwaiseni mukwai" aliyotukaribishia mlangoni kwa sauti ya mtu mwenye hoteli. Alikuwa na msemo wake mwenyewe kuhusu siku hizo: "Foleni isipokwenda, kula ndiyo kwenda." Aliutumia kwa foleni, kwa ndoa za watu, na kwa serikali.

Lakini nyumbani hakupika. Mkewe alipokuwa hai, Dereva alikuwa akirudi safarini, anakaa kitini, anasubiri kuletewa. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Alikuwa amelala kwa ubavu, anachambua majani ya maboga, anavua nyuzi kwenye vikonyo.

"Alikuwa akinionea huruma," alisema. "Nikirudi ananiambia, masikini baba fulani, umekonda kwa njaa ya njiani. Ananipikia kama mgonjwa. Ningemwambiaje kwamba njiani nilikuwa nakula kuliko nyumbani?" Akavua nyuzi nyingine. "Amekufa hajui kama najua kupika. Utamu wa mkono wangu hajauonja."

Mimi ni mwalimu, ninalipwa ili niwe na la kusema. Nilichukua kikonyo, nikavua nyuzi naye.

Kwenye mambo mengine alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona haya. Alishinda akituambia kahawa ya Mbozi ndiyo bora duniani, na yeye alikunywa chai. Huruma kwa maradhi ya wengine hakuwa nayo. Mama Jirani, mjane aliyeishi upande wa pili wa uzio, aliwahi kulalamika jino. "Moja tu?" aliuliza Dereva. Kisha jioni akamtumia bakuli la mchuzi wa kuku uliochujwa usihitaji kutafunwa. Kanisani alikuwa haendi kwa sababu ya mabenchi, lakini hakuna muumini aliyeifuata ibada kama yeye. Kanisa liko juu kidogo ya nyumba yake, na sauti zilimfikia pale chini. Kwaya ikianza wimbo wa mwisho, alibandika maji ya ugali jikoni, ili uive watu wakitoka. Wahubiri wageni aliwachukia. Mgeni husimama tena wimbo ukiisha, anasema "na jambo la mwisho kabisa," kisha anaanza upya, na maji yanachemka mpaka yanakauka.

Inabidi sasa nieleze kwa nini maji hayo yalikuwa jambo kubwa.

Alikuwa na binti mmoja, muuguzi Mbeya. Kabla ya mimi kuzoeana nao vizuri, Dereva aliteleza bafuni, akalala hapo mpaka Mama Jirani alipomsikia. Jumamosi iliyofuata binti alishuka kwenye basi dogo la Kosta na begi kubwa tupu. Nilikuwepo, nimeitwa kama shahidi au kama kifaa cha kunyanyulia sanduku, sikuelezwa.

"Baba, fungasha. Twende Mbeya."

"Nikafanye nini?"

"Ukae."

"Kukaa ndiko kulikoniua mgongo, mama." Alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita mabinti waliorithi jina la bibi yao. "Mimi nakaa kwangu. Napika, nakula, watu wanakuja."

"Unapika?"

"Njoo Jumapili uone."

Binti alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama, nadhani, wagonjwa wanaodai wameshapona. Kisha wakapatana, mbele yangu. Jumapili yoyote atakayokuja na kukuta baba yake amepika mwenyewe, chakula cha kueleweka, si chai na mkate, atakula na kunyamaza. Siku atakayokuta hajapika, watafungasha.

"Na ugali nisonge mwenyewe?" aliuliza Dereva.

"Ugali hasa."

Tangu hapo kila Jumapili ilikuwa mtihani. Nimesimamia mitihani mingi maishani, nimeona vijana wakisali, wakilia, wakiandika kwenye mapaja, lakini sijaona mtahiniwa aliyejiandaa kama yule mzee. Alizigawa kazi kwa namna mwili unavyokaa. Zilikuwepo za kulala: kuchambua, kumenya, kutwanga karanga kwenye kinu kidogo alichokiweka juu ya tumbo. Zilikuwepo za kupiga magoti: kuwasha mkaa, kukaanga, kugeuza kuku. Ya kuinua mgongo mzima ilikuwa moja tu, kusonga ugali, na asubuhi yote alijiwekea akiba kwa ajili ya hiyo. Hakuongea sana. Hakucheka, maana kucheka kulimtikisa. Maji yakishachemka alipiga goti moja, akaikamata sufuria kwa kitambaa, akatia unga, akasonga. Uso wake ulibadilika rangi. Jasho lilimtoka hata wakati wa baridi. Akimaliza alilala tena, mwiko kifuani, na kusema, "Waite."

Tulikula vizuri. Binti alikula na kunyamaza, akaondoka na Kosta ya jioni.

Yeye hakuziona Jumatatu. Jumatatu Dereva hakuweza kugeuka kitandani. Jumanne aliweza kugeuka lakini si kukaa. Nilimpelekea uji. "Una madonge, Msomi. Miaka yote ile chuoni hawakukufundisha kukoroga?" Aliunywa akiwa amegeuzia uso ukutani, nami nilitoka haraka, kwa sababu kuna namna mtu anavyovuta pumzi ambayo jirani hapaswi kuisikia. Jumapili moja ilimla karibu nusu ya wiki. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nusu nyingine ni yake.

Sasa nieleze siku tuliyomlilia.

Kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa chafya. Chafya moja ilimkata kiuno kama panga. Na yeye alipenda pilipili, na pilipili ikikaangwa huenda puani. Kwa hiyo siku ya kukaanga pilipili alijiziba pua kwa pamba. Jumapili hiyo alikuwa ameziba, amelala chali, amejifunika blanketi mpaka kifuani kwa baridi, mikono imetulia, anayasikiliza maharage. Mama Jirani, aliyewahi kutoka kanisani, alichungulia mlangoni kuomba kiberiti.

Aliona mtu amenyooshwa. Aliona blanketi. Aliona pamba puani.

Kilio chake nilikisikia nikiwa nanyoa ndevu. Huku kwetu kilio kikishapigwa hakiulizwi maswali. Ibada ilikatika katikati. Wanawake walikuja wamejifunga khanga viunoni, wakilia njia nzima, wanaume wakaanza kubeba mabenchi kutoka kanisani kuyaleta uwanjani kwa Dereva, na mzee wa kanisa alikuwa tayari anauliza nani atakwenda Tunduma kununua sanda. Mimi nilifika na sabuni kwenye shavu moja.

Ndani, marehemu alikuwa anajaribu kusema. Hakuweza kupaza sauti, kupaza sauti kulimuumiza, na pua ilikuwa imezibwa. Akafanya alichoweza: akainua mkono wenye mwiko. Wanawake waliokuwa mbele walirudi nyuma kwa pamoja, na mmoja akaikanyaga ndoo.

"Mnakanyaga maji ya ugali," alisema Dereva kwa sauti ya puani. "Mwaiseni. Kama mmeshafika, naweni mikono."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kilio. Watu walishikana, wakapigana mabegani, wakamzomea Mama Jirani, naye akajitetea, "Jamani, pamba! Nani anapika na pamba puani?" Na katikati ya kicheko hicho hakuna aliyetazama barabarani.

Binti alikuwa ameshuka kwenye bodaboda. Aliona mabenchi uwanjani kwa baba yake. Aliona khanga viunoni. Hakuna aliyemwambia neno, na hakuhitaji. Alikaa chini pale pale barabarani, kwenye vumbi, na gauni lake la Jumapili, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Hakulia. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, nikaita, na sauti yangu ndiyo Dereva aliyoisikia.

Alitoka. Sijui aliinukaje. Watu walimpisha, akapita katikati yao bila fimbo, pamba bado puani, hatua baada ya hatua mpaka barabarani, akasimama mbele ya binti yake akiwa amenyooka kama hakuwahi kuumwa.

"Nipo," alisema. "Mama, nipo."

Binti aliyatazama magoti ya baba yake. Ilimchukua muda kuinua macho hadi usoni.

"Kesho nakuchukua," alisema hatimaye.

"Nimepika?"

Binti alijikung'uta vumbi.

"Ingia uangalie. Nimepika?"

Aliingia. Sufuria zilikuwepo, tayari. Alisimama juu ya baba yake alipokuwa akisonga ugali, wa watu wengi mno, tukala kila mtu tonge moja au mawili, na jioni aliondoka peke yake. Makubaliano yalikuwa makubaliano. Lakini wiki iliyofuata alituma jiko la gesi lenye meza yake ndefu ya chuma, ili baba yake apike amesimama kama watu. Lilikuwa tendo la upendo, na lingemmaliza. Kusimama ndiko kulikokuwa adui. Dereva alilishukuru, akaweka redio juu ya meza, akarudi kulala sakafuni.

Jumapili ninayotaka kumalizia ilikuwa katikati ya majira ya baridi, ule wakati ambapo ukungu wa Mbozi unakaa shambani mpaka karibu adhuhuri na malori barabarani yanapita yamewasha taa. Baridi ilimfanyia Dereva ukatili. Nilifika mapema nikakuta kuku ameshaiva, majani na karanga tayari, maharage yanachemka. Yeye alikuwa amelala, amefumba macho, midomo haina damu.

"Nikusaidie nini, Mzee?"

"Kaa."

Kwaya ilianza wimbo wa mwisho. Alibandika maji. Binti aliingia, akatusalimia, akavua koti, akasimama mlangoni kama kawaida yake. Maji yalichemka. Dereva alipiga goti, akashika kitambaa, na mgongo ukakataa. Aliinama mpaka kiganja kikagusa sakafu. Akajaribu tena. Akajaribu mara nyingine. Unga ulikuwa mkononi mwake, ukianza kumwagika. Sote watatu tulijua kilichokuwa kinatokea. Nilitazama begi la binti. Lilikuwa dogo. Hakuwa amekuja akitarajia kufungasha.

Angeweza kuchukua mwiko. Ni hatua mbili tu kutoka mlangoni, na mambo yangekuwa yamekwisha kwa haki kabisa. Badala yake alivua viatu, akapita nyuma ya baba yake, akakaa sakafuni kwenye kigodoro, akampa mgongo. Mgongo kwa mgongo.

"Egemea, Baba."

"Hapana."

"Egemea. Unga unamwagika."

Akaegemea. Alitia unga, akakoroga, akaanza kusonga. Kila alipousukuma mwiko mbele, uzito wake ulirudi nyuma, na binti aliupokea, nyayo zake zimebana sakafu. Niliuona uso wake, Dereva hakuuona. Muuguzi yule, ambaye kazi yake ni kunyanyua watu wazima kutoka kitanda hadi kitanda, alikuwa amefumba macho na kuuma mdomo, na rangi ya uso wake niliitambua. Nilikuwa nimeiona kila Jumapili kwenye uso mwingine.

Katikati ya kusonga, Dereva alisimamisha mwiko. Hakugeuka.

"Mama," alisema.

"Songa. Utaungua."

Akasonga mpaka mwisho. Ugali ulikuwa na madonge, wa kwanza wenye madonge kutoka mkono wake, na tuliula hivyo hivyo. Binti aliosha mikono, akasema alilopaswa kusema: "Umepika, Baba. Nimekula." Alikuwa anamwachia nyumba yake. Nilipumua. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza kwa niaba yake.

Dereva alikuwa bado hajagusa hata kipande kimoja cha kuku.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Nimekuegemea, mama. Lori bovu nalijua kwa kukaa ndani yake. Tangu lini?"

Binti alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua.

"Muda, Baba."

"Unakunywa dawa?"

"Nikiwa na zamu ya usiku."

"Na Jumapili usipokuja huku, nani anakupikia?"

Alicheka kidogo, kicheko cha kupuuza, kisha kikamwishia. Alitikisa kichwa. Hakuna mtu. Mkate, alisema. Chai.

Nje ukungu ulikuwa umeanza kupanda na mashamba ya kahawa yalionekana hadi bondeni. Huku kwetu firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, haiguswi na mwingine, na ndiyo iliyokuwa imebaki sahanini kwake. Aliichukua kwa vidole viwili, akanyoosha mkono hadi pale mgongo uliporuhusu, akaiweka kwenye sahani ya binti yake.

"Kula, mama," alisema. "Halafu tufungashe."